Anapodisko Mwanafunzi, Nani Ameshindwa?

Vyuo vikuu vina desturi moja ambayo ukiichunguza haikai sawa. Mhitimu akipata tuzo kubwa, akagundua dawa au akateuliwa waziri, chuo alichosoma hutundika picha yake ukutani na kulitaja jina lake kila mwaka kwenye mahafali. Huyu ni wetu, tulimlea sisi. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, chuo hichohicho hakimwiti wake. Kinasema hakujiandaa, hakujituma, pengine hata hakustahili kuingia tangu mwanzo. Sifa wanagawana, aibu anabeba mmoja. Kabla ya kuwa swali la sera, jambo hili ni swali la falsafa, kwa maana jibu lake linategemea tunavyouelewa uwezo wa binadamu. Je, uwezo ni kitu ambacho mtu anakuja nacho, mtihani ukaja tu kukifichua? Au ni jambo linalotokea kati ya anayefundishwa na wanaomfundisha, kiasi kwamba matunda yake, mazuri na mabaya, hayawezi kuandikwa kwa jina la mtu mmoja? Naamini hilo la pili ndilo kweli. Chuo kinachodai hisa katika ushindi wa wanafunzi wake kina hisa pia katika kuanguka kwao, na usawa wa elimu, ambao kwa miaka mingi tumezoea kuutafuta getini, kwenye orodha ya waliochaguliwa, unaamuliwa zaidi ndani ya madarasa baada ya geti kufungwa.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni kazi ya Freeman Hrabowski, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore, kinachojulikana kwa kifupi kama UMBC, kuanzia 1992 hadi 2022. (Huko Marekani rais wa chuo ndiye mtendaji mkuu, kwetu kazi hiyo hufanywa na makamu mkuu wa chuo.) Hrabowski alizaliwa mwaka 1950 mjini Birmingham, Alabama, mji uliotenga watu kwa rangi katika shule, mabasi na hata mabomba ya maji ya kunywa. Mei 1963, akiwa na umri wa miaka 12, alijiunga na maandamano ya watoto yaliyoongozwa na harakati za Martin Luther King, akakamatwa na kulala jela siku tano. Septemba ya mwaka huohuo bomu lililipuliwa katika kanisa la Mtaa wa 16 na kuua wasichana wanne. Mmoja wao alikuwa rafiki yake. Baadaye alisoma hisabati Hampton, akahitimu akiwa na miaka 19, na akiwa na miaka 24 alikuwa tayari amepata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Illinois. Wasifu wa namna hii ungeweza kumfanya aamini kwamba mwenye akili hupenya popote, kwa kuwa yeye mwenyewe alipenya. Wengi waliopanda kutoka chini huishia na imani hiyo, na ndio huwa wakali kuliko wote kwa wanaokuja nyuma yao. Yeye aliuchukua mkondo mwingine.

Alifika UMBC mwaka 1987 kama naibu wa mkuu wa taaluma. Chuo hicho cha umma kilifunguliwa 1966, hakina karne tatu za utajiri kama Harvard wala jina la kuwatisha watu, na kwa sababu hiyo mfano wake unatufaa zaidi kuliko mifano ya matajiri. Alichokikuta ni hali iliyokuwa imeenea katika vyuo vingi vya Marekani. Vijana Weusi waliotaka kuwa wanasayansi na madaktari waliingia na matokeo mazuri ya sekondari, kisha kemia na hisabati za mwaka wa kwanza zikawamaliza. Wengine walihamia kozi nyingine, wengine waliondoka kabisa. Nao wahadhiri walikuwa na maelezo yaliyokuwa tayari kichwani: maandalizi duni, familia zisizojali elimu, umaskini, kukosa ari. Maelezo hayo yanafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba yote yanamtazama mwanafunzi na yaliyo nyuma yake. Hakuna hata moja linalotazama kilichokuwa kikifanyika darasani.

Miaka kadhaa kabla, huko Berkeley, California, mwanahisabati Uri Treisman alikuwa ameyapima maelezo hayohayo. Aliwachukua wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya Kichina, akawafuatilia jinsi walivyosoma hesabu za kalkulasi, hadi mabwenini. Alikuta kwamba familia za wanafunzi Weusi zilijali elimu mno, na wanafunzi wenyewe walikuwa na ari kubwa. Walisoma kwa bidii, kwa saa zilezile walizoelekezwa na wahadhiri. Tofauti ni kwamba walisoma peke yao. Waliutenga muda wa masomo na muda wa marafiki, kama walivyojifunza tangu shule, ambako mara nyingi walilazimika kujitenga ili wasome. Wenzao wa asili ya Kichina walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana, wakaulizana maswali ya mitihani iliyopita. Kwa hiyo aliyekwama alijua kama kosa ni lake au swali lenyewe ni gumu kwa kila mtu. Treisman akaanzisha makundi ya kusoma pamoja, na hapa ndipo pa kuzingatia: hakuwapa mazoezi mepesi ya kufidia pengo. Aliwapa maswali magumu kuliko yaliyotolewa darasani. Wanafunzi Weusi waliohudhuria walifikia matokeo ya wenzao wa jamii nyingine, na mara nyingi wakayapita.

Matokeo haya yanagusa kitu kizito kuliko mbinu za kufundishia. Mwanafunzi aliyeshindwa akiwa peke yake na mwanafunzi aliyefaulu akiwa katika kundi wanaweza kuwa mtu yuleyule. Akili yake haikubadilika, wala mzazi wake, wala shule alikotoka. Kilichobadilika ni mpangilio uliomzunguka. Basi ule mtihani wa kwanza, ambao chuo kiliuchukua kama kipimo cha uwezo wake, ulikuwa umepima nini? Ulimpima yeye pamoja na mpangilio, kisha matokeo yakaandikwa kwa jina lake peke yake. Kosa hilo ni la hoja kabla halijawa la huruma.

Hrabowski alilielewa hivyo na akalijengea taasisi. Mwaka 1988, kwa msaada wa matajiri wa Baltimore, Robert na Jane Meyerhoff, alianzisha mpango wa ufadhili unaobeba jina lao. Kundi la kwanza, wavulana Weusi 19, liliingia 1989. Wasichana wakaongezwa mwaka uliofuata. Pesa za ada zilikuwa sehemu ndogo ya mpango. Kabla ya mwaka wa kwanza kuanza, wanafunzi walikaa pamoja chuoni majira ya kiangazi wakisoma na kuzoeana. Walisoma kwa makundi kama desturi, si kama msaada wa waliokwama. Waliingizwa mapema katika maabara za watafiti, kwa imani kwamba mtafiti hulelewa na mtafiti. Aliyepata alama ya C katika kozi ya msingi ya sayansi alishauriwa kuirudia, hata kama kwa kanuni alikuwa amefaulu, kwa sababu C katika kemia ya mwanzo ni deni litakalodaiwa katika kemia ya mwaka wa tatu. Na kila mwanafunzi alikuwa na watu wazima waliojua jina lake, alama zake, na sababu ya kukosa kipindi wiki iliyopita.

Watafiti walipotaka kujua kama mpango huo unafanya kazi, waliwalinganisha wanafunzi wake na wale ambao walikuwa wamechaguliwa kuingia lakini wakakataa na kwenda vyuo vingine, baadhi yao vyenye majina makubwa zaidi. Ulinganisho huo ni wa haki, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na sifa zilezile za kuingia. Waliojiunga walikuwa na uwezekano wa takriban mara tano zaidi wa kufika katika masomo ya uzamivu ya sayansi. UMBC kikawa miongoni mwa vyuo vinavyoongoza Marekani kwa kutoa wahitimu Weusi wanaoendelea hadi kupata shahada mbili za udaktari kwa pamoja, ya tiba na ya utafiti.

Nirudi sasa kwenye falsafa yenyewe. Aristotle aliuliza: tukigawa filimbi, iliyo bora apewe nani? Akajibu kwamba apewe mpigaji bora, si mwenye nasaba wala mwenye mali, kwa kuwa kupigwa vizuri ndiko kusudi la filimbi. Jibu hilo limekuwa msingi wa kila mfumo unaogawa nafasi za masomo kwa kufuata alama, na lina uzito: linakataa upendeleo wa ukoo na rushwa, na sisi tunajua vyema maana ya kukataa hayo. Lakini Aristotle anamkuta mpigaji akiwa tayari ameshaiva. Chuo hakigawi filimbi. Kinagawa mafunzo ya filimbi. Kama kusudi la filimbi ni kupigwa vizuri, kusudi la mafunzo ni kumfanya asiyejua ajue, na mahali panapojisifu kwa kuwapokea waliojua na kuwatupa waliochelewa kujua, kwa kipimo cha Aristotle mwenyewe, hapatimizi kazi yake. John Rawls naye, katika kitabu chake cha nadharia ya haki cha 1971, alisema hakuna anayestahili kipaji alichozaliwa nacho, kama vile hakuna anayestahili familia aliyozaliwa. Nakubaliana naye, ila naona hakufika mbali vya kutosha. Amekiacha kipaji kama akiba ambayo kila mtu ana kiasi chake, kisha akauliza namna ya kugawana matunda. Ushahidi wa Berkeley na Baltimore unaonyesha kwamba hata kile tunachokipima na kukiita kipaji kimekwisha kupitia katika mikono ya watu wengine kabla hatujakipima.

Kwa lugha ya waumini, ambayo kwa wasomaji wengi wa Kiswahili iko karibu kuliko ya Rawls, kipaji ni amana. Aliyepewa ataulizwa alikifanyia nini, na hilo huhubiriwa sana misikitini na makanisani. Linalohubiriwa kwa nadra ni kwamba amana ina mtunzaji zaidi ya mmoja. Mzazi akimpeleka mwanawe chuoni, amewakabidhi watu kitu. Fikra yote ya amana, katika dini na katika mila, ni kwamba aliyekabidhiwa anawajibika kwa kilichopotea mikononi mwake, na haimtoshi kusema kilikuwa kibovu tangu kilipoletwa, hasa ikiwa alikikagua mwenyewe na kukipokea. Chuo kinakagua. Kinaweka vigezo vya kuingia, kinachagua, kinatoa barua ya kukubaliwa yenye muhuri. Barua hiyo ni kauli kwamba huyu anaweza. Kumgeuka miezi minane baadaye na kusema hakuwa na uwezo ni kukana sahihi yako mwenyewe.

Pingamizi la kwanza ni la ubora, nalo ni zito. Daraja lazima lisimame, daktari lazima ajue kipimo cha dawa. Chuo kikianza kuhesabu kila anayeanguka kama aibu yake, kitapunguza ugumu ili takwimu zipendeze. Hatari hiyo ipo kweli, na viongozi wengi wa elimu wameshaangukia humo kwa kupandisha idadi ya wahitimu na kushusha maana ya cheti. Ila pingamizi hili linachanganya mambo mawili. Kiwango ni jambo moja: unajua kusuluhisha mlinganyo huu au hujui. Mgao ni jambo jingine: nimeamua mapema kwamba theluthi moja ya darasa itaanguka. Ile kauli maarufu ya siku ya kwanza ya masomo, inayowataka wanafunzi watazame kushoto na kulia kwa kuwa mmoja wao hatafika mwisho, hutolewa mara nyingi kama ishara ya ubora. Haina kiwango ndani yake. Haisemi nini kitajulikana, inasema tu wangapi watatupwa. Hrabowski aliigeuza: alikuwa akiwaambia wanafunzi watazame kushoto na kulia kwa kuwa lengo la chuo ni wote watatu wahitimu. Na hakushusha kitu. Anayeshauriwa kurudia kozi aliyopata C amewekewa kiwango cha juu kuliko kile cha kanuni. Hata kozi ya mwanzo ya kemia kwa wanafunzi wote ilipopangwa upya chini ya uongozi wake, wanafunzi wakafanya kazi katika makundi madogo badala ya kusikiliza mihadhara tu, waliofaulu waliongezeka bila kemia yenyewe kuwa nyepesi. Ukali wa kweli uko kwenye kiwango, na kiwango kikali kinamdai mwalimu kama kinavyomdai mwanafunzi.

Wapo watakaosema samaki hukunjwa angali mbichi, na mwanafunzi wa miaka 19 ameshakauka; haki ya elimu itafutwe shule ya msingi, chuo kiachwe kifanye kazi yake. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli tupu. Madarasa ya watoto 100 kwa mwalimu mmoja hayawezi kufidiwa na kundi la kusoma kalkulasi. Lakini ukweli huo haumwondolei mtu wa juu jukumu lake, na hauelezi matokeo ya Baltimore. Wale waliokataa nafasi ya Meyerhoff walikunjwa wakiwa wabichi vilevile kama waliokubali. Walitoka katika shule za aina moja, na alama za aina moja, kisha njia zao zikaachana baada ya geti. Tofauti hiyo kubwa ilizaliwa chuoni. Mtu anaweza kupinga kwa upande mwingine, aseme mpango wenyewe ulichagua vijana wenye nguvu, hivyo hautwambii lolote kuhusu dhaifu. Kwa kiasi fulani anasema kweli. Huu haukuwa mpango wa kuwainua walioachwa nyuma kabisa, na anayeusifu kana kwamba ulikuwa hivyo anausingizia. Nguvu yake kama ushahidi iko palepale. Ikiwa hata wenye nguvu walikuwa wakianguka kwa wingi mahali ambapo hapakuwa na mpangilio wa kuwabeba, basi ile hoja ya kwamba walioanguka hawakuwa na uwezo imekatika mzizi.

Pingamizi linalonisumbua kuliko yote linahusu mwanafunzi mwenyewe. Tukisema chuo kina hisa katika kushindwa kwake, je, hatujamnyang'anya utu uzima wake? Kijana aliyelala badala ya kusoma atapata kisingizio, na anayejituma ataona juhudi yake haihesabiki. Wazazi wa Kiafrika, ambao wengi wao waliuza ng'ombe au shamba ili mtoto asome, hawatafurahi kusikia kwamba akifeli alaumiwe mhadhiri. Nadhani kosa liko katika kudhani kwamba wajibu ni mkate, ambao ukimkatia mwenzako kipande chako kinapungua. Wawili wanaweza kuwajibika kikamilifu kwa jambo moja. Mzazi na mwalimu wote wanawajibika kwa mtoto asiyejua kusoma, na kosa la mmoja halimsafishi mwingine. Tena utakapotazama jinsi mpango wa Baltimore ulivyowatendea wanafunzi wake, utaona ulidai zaidi, haukudai kidogo. Walibanwa na ratiba, waliulizwa walikokuwa, walitakiwa wamfundishe mwenzao anayekwama. Kumtarajia mtu makubwa na kubaki naye mpaka ayafikie ni namna ya kumheshimu. Kumtarajia makubwa kisha kumwacha, ukingoja kuona kama atatokea, ni kumtumia kama jaribio.

Sheria nayo iliuweka mpango huu katika mtihani. Mwaka 1994 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Maryland kilichopo College Park hakingeweza kuendelea na ufadhili uliotengwa kwa wanafunzi Weusi pekee. Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo mwaka uliofuata. UMBC kikafungua mpango wa Meyerhoff kwa wanafunzi wa rangi zote mwaka 1996. Kilichotokea kinafundisha: mpango uliendelea kuwatoa wanasayansi Weusi kwa wingi, na wenzao wa jamii nyingine wakanufaika na malezi yaleyale. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku matumizi ya rangi katika uchaguzi wa wanafunzi, kupitia kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, na wengi walisema usawa wa elimu umekufa Marekani. Sioni kwamba geti ni jambo dogo. Aliyezuiwa kuingia hawezi kufundishwa, na wanaosema geti lisijali historia mara nyingi ndio ambao historia iliwafungulia. Lakini harakati iliyoweka tumaini lake lote getini ilijiweka mahali ambapo kura za majaji sita zinaweza kuibomoa. Kilichojengwa ndani, katika namna ya kufundisha kemia na kuwajua wanafunzi kwa majina, hakina kifungu cha katiba kinachoweza kukifuta.

Kuna watakaosema yote haya ni kazi ya mtu mmoja mwenye karama, na akiondoka yeye jambo linaisha. Kuanzia 2013 Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill vilijenga mipango kwa mfano wa Baltimore, katika mazingira tofauti kabisa, bila kuongozwa na Hrabowski, na matokeo ya miaka ya mwanzo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wanafunzi wao walikuwa wakielekea kulekule. Nalitaja hili kwa sababu tabia ya kumtukuza kiongozi ni njia nyingine ya kukwepa wajibu. Tukisema alikuwa mtu wa pekee, tumejiondolea lawama ya kutofanya alichofanya.

Na kanuni ninayoitetea haimwachi yeye pia. Machi 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba UMBC kilishindwa kuwalinda wanamichezo wake wa kuogelea dhidi ya unyanyasaji wa kingono wa kocha wao, katika miaka ya 2015 hadi 2020. Hiyo ni miaka ya uongozi wake. Sioni njia ya kuuweka ukweli huo pembeni kana kwamba ni wa faili jingine. Ikiwa rais wa chuo anastahili sifa kwa wanafunzi waliobebwa na taasisi aliyoijenga, basi walioumizwa katika taasisi hiyohiyo, huku malalamiko yakiwa hayakushughulikiwa inavyopasa, nao wako katika hesabu yake. Anayeiona kauli hii kuwa ya kumvunjia heshima mzee wa watu arudi aisome ile desturi ya picha ukutani. Tunayemsifu kwa kipimo cha taasisi, tumpime kwa kipimo hichohicho hadi mwisho.

Jambo moja sikubaliani na Hrabowski na wenzake. Mara nyingi waliutetea usawa kwa hoja ya manufaa: taifa linahitaji wanasayansi, na haliwezi kuacha akili za watu wake zipotee. Mwaka 2011 aliongoza kamati ya Akademia za Kitaifa za Marekani iliyotoa ripoti iliyojengwa juu ya hoja hiyo. Tangu 2020 mfano unaotajwa daima ni Kizzmekia Corbett, mhitimu wa mpango wa Meyerhoff, aliyekuwa miongoni mwa wanasayansi waliotengeneza chanjo ya UVIKO iliyotolewa na kampuni ya Moderna. Ni mfano unaovutia, na mbele ya wabunge wanaogawa bajeti huenda ndio pekee unaosikilizwa. Lakini kuifanya chanjo kuwa sababu ya haki ni kurudi kinyumenyume kwenye ile picha ya ukutani. Binti aliyesoma naye darasa moja akawa mwalimu wa kemia katika shule isiyojulikana alistahili kulelewa vilevile. Haki yake haikutegemea kitakachokuja kutoka mikononi mwake. Ilitokana na kwamba chuo kilimpokea na kumwahidi elimu.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili si geni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alilalamika kwamba shule ya msingi ilikuwa imegeuzwa kuwa mashine ya kuwatafuta wachache wa kwenda sekondari, na walio wengi wakahesabiwa kuwa walioshindwa wakiwa bado watoto. Tangu hapo milango imepanuliwa sana: ada za shule za msingi zilifutwa, shule za kata zikajengwa, vyuo vikuu vikaongezeka, mikopo ikaanzishwa. Getini tumefanya kazi kubwa. Ndani tumebaki na msamiati wa sapu (mtihani wa marudio), kari (somo linalobebwa hadi mwaka unaofuata) na disko, na heshima ya ajabu kwa mhadhiri ambaye somo lake huangusha watu wengi, kana kwamba wingi wa walioanguka ni shahada nyingine aliyopata. Sijui ni kazi gani nyingine ambayo fundi husifiwa kwa idadi ya vilivyoharibika mikononi mwake. Mwanafunzi wa kwanza katika ukoo wake kufika chuoni, akiwa na mkopo unaochelewa na chumba cha kupanga mbali na chuo, anakutana na darasa la mamia, mhadhiri asiyemjua, na matokeo yanayobandikwa kwa namba ya usajili. Akidisko, kijiji kizima kitaambiwa hakuwa na akili za chuo.

Kinachotakiwa hakihitaji tajiri wa Baltimore. Makundi ya kusoma hayana bei. Kinachohitaji ujasiri ni kuchapisha, kwa kila kozi na kila mwaka, idadi ya waliosajiliwa, waliofaulu, waliorudia na walioondolewa, majina ya kozi yakiwa wazi na ya wanafunzi yakifichwa, na kumtaka kila mkuu wa idara aeleze mbele ya seneti ya chuo kilichofanyika kabla wanafunzi hao hawajaanguka. Linalofuata ni gumu zaidi: upandishwaji wa vyeo vya wahadhiri, ambao sasa unategemea zaidi makala zilizochapishwa, utazame pia kilichotokea kwa wanafunzi waliokabidhiwa. Wahadhiri watapinga, na baadhi ya sababu zao zitakuwa za haki, kwa kuwa nao wamekabidhiwa madarasa makubwa kupita kiasi na vitendea kazi haba. Katika hilo wao ndio watakaokuwa wakidai kwamba mpangilio uhesabiwe kabla ya kumlaumu mtu mmoja, na madai yao yatakuwa sahihi kwa sababu ileile inayomfanya mwanafunzi wao awe na haki ya kuyatoa.